Awamu ya pili ya udahili: Tuthibitishe au tusubiri?



Ndugu msomaji, Ijumaa hii tumeona tulilete mbele yenu jambo ambalo kila mwaka, baina ya Agosti na Septemba, huingia katika nyumba nyingi za Waislamu na kuwaondolea wazazi usingizi. Ni jambo la kijana aliyemaliza kidato cha sita, akaomba chuo kikuu katika awamu ya kwanza, akapata nafasi ambayo si ile aliyoitamani. Je, aithibitishe nafasi hiyo? Au aiache ipite, aingie tena katika maombi ya awamu ya pili akitaraji kupata iliyo bora kuliko hiyo?

Hatukulitoa jambo hili vitabuni. Tulikutana nalo Magoma, katika Wilaya ya Korogwe, tulipokwenda kwa darsa ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Magoma ipo katika bonde la Lwengera, milima ya Usambara ikiwa imeiangalia huku na huku, na mkonge ukiwa ndio uliotia alama ardhi ile tangu zama za mababu. Baada ya sala ya Isha, watu walipokwisha kutawanyika, walibaki msikitini watu watatu waliokuwa wakitusubiri barazani: mama mmoja mjane, kaka yake, na binti wa yule mama. Familia hiyo imeturidhia tuyaeleze yao bila ya kuwataja, kwa kuwa wanajua kwamba hawako peke yao.

Mjomba ndiye aliyetangulia kusema, kama ilivyo ada.

“Sheikh wetu,” alisema, “tumekuja utuchagulie. Siku zilizobaki ni tatu, na wewe umesoma madrasa na umesoma chuo kikuu. Utakalosema ndilo tutakalofanya.”

Tuliwaambia waketi kwanza, tukamtaka binti aeleze mwenyewe. Alisoma mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, akapata C ya Kemia, C ya Biolojia na D ya Fizikia. Katika awamu ya kwanza aliomba vyuo kadhaa, na vyuo viwili vikamchagua. Kimoja ni cha umma, kilicho mbali na Tanga, ambako amechaguliwa kusomea ualimu wa sayansi. Cha pili ni cha binafsi, ambako amechaguliwa kusomea uuguzi, na ada yake ni mara kadhaa ya ile ya chuo cha kwanza. Udaktari, ambao ndio uliokuwa chaguo la juu kabisa katika kila fomu aliyojaza, hakuupata popote.

Rai ya mjomba ilikuwa kwamba nafasi zote mbili ziachwe. Binti aombe udaktari katika awamu ya pili, katika vyuo vya binafsi, kwani huko, alisema, ushindani ni mdogo kwa sababu ada ni kubwa. Na ada hiyo ingepatikana kwa kuuza sehemu ya shamba aliloacha marehemu baba wa watoto, ekari 8 za mkonge. Mama alikuwa kimya. Binti alikuwa akitazama mkeka.

Kabla hatujaendelea, inafaa tueleze namna mambo haya yanavyokwenda, kwa kuwa tumegundua kwamba wazazi wengi wanatoa maamuzi juu ya utaratibu wasioujua. Kuanzia mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu nchini yalikuwa yakipitia katika mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kijana alipanga machaguo yake kwa mfuatano, na mfumo ukampa moja. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2017, na tangu hapo mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja katika chuo anachokitaka, na anaweza kuomba vingi. Matokeo yake ni kwamba kijana mmoja anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili, vitatu au zaidi kwa wakati mmoja. Ndipo likaja sharti la kuthibitisha: aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hana budi kuchagua kimoja tu, ndani ya siku zilizotangazwa, kwa kutumia namba maalumu ya siri ambayo hutumiwa kwa ujumbe wa simu au kuipata kwa kuingia katika mfumo wa chuo husika.

Baada ya awamu ya kwanza hufuata ya pili, na mara nyingine ya tatu. Hapa ndipo penye jambo ambalo mjomba wetu hakulijua. Katika awamu ya pili havifunguliwi upya viti vyote. Hufunguliwa vilivyobaki. Chuo hutangaza zile programu ambazo bado zina nafasi, na zile zilizojaa katika awamu ya kwanza hazimo. Aidha, matangazo ya Tume hueleza kwamba awamu hiyo inawalenga hasa wale waliokosa nafasi, au ambao kwa sababu moja au nyingine hawakuwahi kuomba. Kwa hiyo aliyekwisha kuchaguliwa, kabla hajaiachia nafasi yake, ni wajibu wake asome tangazo la mwaka ule na aulize chuoni: mlango huo uko wazi kwake, au umefungwa?

Tulimuuliza mjomba: “Umeiona orodha ya programu zilizobaki?”

“Bado, sheikh.”

“Basi unataka aiache nafasi aliyo nayo kwa ajili ya nafasi ambayo hujui kama ipo.”

Hakukasirika, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Alituambia kwamba kijana mmoja wa jirani aliingia chuoni kwa awamu ya pili na sasa yuko mwaka wa tatu. Na hilo ni kweli, tunamjua. Lakini kisa cha kijana yule kilikuwa kingine. Yeye katika awamu ya kwanza aliomba programu tatu tu, zote zile zinazokimbiliwa na watu wengi, akazikosa zote. Hakuwa na nafasi ya kuiacha. Awamu ya pili ilipofunguliwa aliisoma orodha ya zilizobaki kwa siku mbili, akaona programu ya kilimo ambayo hakuwahi kuifikiria, akaomba, akapata, na leo tunasikia anaipenda. Kwa mtu kama huyo awamu ya pili ni rehema. Hali kadhalika kwa yule ambaye alikuwa kambini JKT huku mzazi akihangaika na fomu asizozijua, muda ukawapita. Wala hakuna aibu yoyote katika kuingia chuoni kwa awamu ya pili au ya tatu. Tumewaona wazazi wakificha jambo hilo kwa majirani kana kwamba mtoto kaingia kwa mlango wa uani. Shahada haiandikwi awamu.

Kosa jingine lililo kubwa ni la kuchanganya sifa ya chini na kupata nafasi. Mwongozo wa Udahili unaotolewa na Tume huonyesha kwa kila programu sifa za chini za kuingilia, pamoja na idadi ya wanafunzi ambao chuo kinaruhusiwa kuwachukua. Kwa jumla, mwombaji wa kidato cha sita wa miaka hii hutakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili ya kanuni yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Programu kama udaktari huweka masharti ya juu zaidi. Binti yetu alikuwa na pointi 8, na katika vyuo alivyoomba alikuwa amevuka sifa ya chini ya udaktari. Familia ikafahamu kwamba amedhulumiwa. La hasha. Sifa ya chini ni ruhusa ya kuingia uwanjani, na waliokuwa uwanjani walikuwa wengi, wenye A na B, huku viti vikiwa vinahesabika. Tulimweleza mama hivyo, naye akashusha pumzi. Alisema kwamba kwa wiki nzima alikuwa akiamini kuna mtu aliyelikata jina la mwanawe.

Sasa tuje katika lile lililotushtua zaidi, nalo ni shamba.

Tuliuliza: “Mirathi ya marehemu imekwisha kugawanywa?”

Ikawa kimya. Marehemu ana miaka minne tangu alipofariki, na mirathi haijaguswa. Ameacha mke, binti huyu, na watoto wawili wa kiume ambao mkubwa wao yuko darasa la sita. Wazazi wake marehemu walimtangulia. Basi tukachukua kalamu tukahesabu pale pale barazani. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane. Katika ekari 8 hiyo ni ekari 1. Zinabaki 7, ambazo watoto hugawana kwa hesabu ya mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Mafungu ni matano. Kila mvulana anapata ekari 2.8, na binti anapata ekari 1.4. Kwa maana hiyo, mama na binti kwa pamoja wanamiliki ekari 2.4. Mjomba alikuwa amepanga kuuza ekari 4 kwa kuanzia tu, yaani ada ya mwaka wa kwanza na sehemu ya wa pili, ilhali udaktari ni miaka mitano.

Ekari zilizozidi ni za nani? Ni za mayatima wawili waliokuwa wamelala nyumbani usiku ule, wala hawana habari. Na mwenye kuijua Surat an-Nisaa anajua ukali wa maonyo yaliyomo kuhusu mali ya yatima. Mjomba, pamoja na mapenzi yake yote na jasho alilotoa kwa familia ile, hana fungu katika mali hiyo wala hana mamlaka ya kuiuza. Hata mama mwenyewe hana ruhusa ya kuchukua katika haki ya wanawe wadogo na kuitia katika masomo ya dada yao, hata yawe masomo ya kheri namna gani.

Ndugu msomaji, hapa ndipo tulipolazimika kumjibu mjomba neno ambalo hakulitarajia. Alikuwa ametuambia: “Basi sheikh, sisi tutaswali istikhara usiku huu, Mungu atuonyeshe kama tuuze au tusiuze.” Tukamwambia kwamba katika kuuza mali ya yatima kwa maslahi ya mwingine hakuna istikhara. Istikhara, ambayo Jabir bin Abdillah (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwafundisha maswahaba wake kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani, ni rakaa mbili zisizo za faradhi na dua yake maarufu, na huswaliwa katika jambo la halali ambalo mja hajui upi katika upande wake una kheri naye. Lililoharamishwa limekwisha kuamuliwa, haliombewi shauri.

Na maadam tumeitaja istikhara, tuseme na hili. Watu wetu wengi wanangoja ndoto. Anaswali, analala, akiona kijani anasema kheri, akiona nyoka anasema shari, na asipoota kitu anarudia siku saba hadi siku za kuthibitisha zinapita. Ndoto si sharti la istikhara. Mwenye kuswali huwa amekwisha kutafuta habari, amekwisha kuwashauri wenye ujuzi, ameelekea upande mmoja, kisha anamkabidhi Mola wake na kuliendea jambo. Likifunguka ni kheri, likifunga ni kheri. Anayeacha kusoma tangazo la Tume akasema anangoja alama usiku, huyo ameacha nusu ya kazi aliyopewa.

Kwa hiyo zikabaki nafasi mbili zilizo mkononi. Hapo suala la ada halikwepeki, wala si jambo la kuonea haya kulizungumza mbele ya mtoto.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mwombaji huomba kwa muda maalumu, na maombi hayo yana njia yake tofauti na maombi ya chuo. Wapo waliopata chuo wakakosa mkopo kwa kudhani kwamba ukishaomba kimoja umeomba vyote. Yatima hutakiwa aambatishe cheti cha kifo cha mzazi wake, na cheti hicho sharti kihakikiwe na RITA kabla ya kuwasilishwa. Kama hakikuandikishwa tangu msiba ulipotokea, hiyo ni safari nyingine ya kwenda na kurudi. Mama huyu, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, alikifuatilia mapema. Majina ya waliopangiwa mikopo hutoka kwa makundi, na aliyedahiliwa awamu ya pili naye huweza kupangiwa baadaye. Ila kiwango anachopewa mtu si lazima kifikie ada yote, na katika chuo cha ada kubwa lile pengo linalobaki hubebwa na nyumba.

Wengi hutuuliza kuhusu mkopo huu na riba. Kwa miaka kadhaa palikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha, na wengi walikuwa na uzito juu yake katika nyoyo zao. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, na uzito ule umeondoka. Kilichobaki ni deni, nalo si jepesi. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka amalize. Mtume wetu (S.A.W.), kama ilivyothibiti, alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka alipopatikana wa kulidhamini. Kijana anayetia saini mkopo na ajue kwamba ameingia katika shingo yake jambo ambalo halifutiki kwa kusahau.

Tumruhusu msomaji avuke nasi bahari kidogo, kwa kuwa jambo hili linawahusu pia ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani, ambao hutuandikia. Huko vyuo vingi vya binafsi vina maombi ya mapema yenye kufunga. Kijana huchagua chuo kimoja, kwa kawaida mwezi wa Novemba, na yeye, mzazi wake na mshauri wa shule hutia saini kwamba akipokelewa atakwenda huko na ataondoa maombi yake kwingine kote. Jibu hutoka katikati ya Desemba. Akikosa, vipo vyuo vyenye awamu ya pili ya utaratibu huo huo wa kufunga, maombi yakiwa mwanzoni mwa Januari na jibu likija katikati ya Februari. Kijana aliyeumia Desemba hushawishika kutia saini tena Januari, mahali popote, alimradi apone lile jeraha la kukataliwa.

Tofauti iliyopo ni kwamba huko ahadi inatangulia, nafasi inafuata. Kwetu nafasi inatangulia, kisha ndio ahadi. Lakini fundisho lililomo ni moja, nalo limesemwa sana huko kwao: mwenye mali anaweza kujifunga kabla ya kujua gharama, mwenye kutegemea msaada wa ada anahitaji kwanza aone alichopewa kila mahali, alinganishe, ndipo aseme ndiyo. Vyuo vyenyewe huko humfungua mtu ahadi yake ikiwa msaada aliopangiwa hautoshi kabisa kumwezesha kusoma. Kwa wazazi wa Kiislamu walioko kule, jibu letu limekuwa: msitie saini ya pili kwa uchungu wa ile ya kwanza. Mkataba ni mkataba. Aya ya kwanza ya Surat al-Maida inawaamuru waumini watimize mikataba yao, na haikutofautisha baina ya mkataba wa ng'ombe na mkataba wa chuo. Asiyekusudia kwenda asiseme atakwenda.

Na hili tunalisema pia kwa wa kwetu. Namba ile ya siri inayoingizwa katika simu ni neno lililotoka kinywani. Ukikithibitisha chuo, wengine wanakufuta na kiti chako kinapewa mtu. Ukizishika nafasi mbili mpaka dakika ya mwisho bila ya kukusudia yoyote, yupo kijana wa Handeni au wa Kilindi anayesubiri moja ya hizo. Baada ya kuthibitisha ipo milango ya kuhama programu au chuo kwa utaratibu na muda unaotangazwa, ila kuhama kunategemea sifa na nafasi, si jambo la kulitegemea kama ndio mpango.

Turejee barazani. Ilikuwa imekaribia saa nne za usiku, na binti hakuwa amesema neno tangu alipotaja alama zake. Tulimwomba mjomba atupe ruhusa, tukamuuliza mwenyewe, mbele ya mama yake: “Mwanangu, udaktari huu ni wako au ni wa nani?”

Alisita. Kisha akasema, kwa sauti ndogo: “Mjomba amekwisha kuwaambia watu.”

Mjomba alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Alikuwa amewaambia kweli: sokoni, msikitini, hadi kwa jamaa wa Korogwe mjini. Alikuwa akimwita “daktari wetu” tangu kidato cha tatu. Na sisi tunasema, si mjomba huyu tu. Katika jamii zetu mtoto mmoja akifaulu sayansi huwa amekwisha kuvishwa koti jeupe na ukoo mzima kabla hajaulizwa. Kumwombea mtoto makubwa ni jambo jema. Kumfunga kwa ahadi ambayo yeye hakuitoa ni jambo jingine.

Binti akaendelea. Alisema kwamba anaupenda udaktari, hakatai, lakini kinachompendeza zaidi ni Kemia, na kwamba shuleni kwao walikaa karibu mwaka mzima bila ya mwalimu wa somo hilo, wakawa wanafundishana wenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa akisimama ubaoni. Aliposema hivyo uso wake ulibadilika. Mama akamtazama kama anayemwona upya.

Mama naye alikuwa na lake. Hofu yake haikuwa kozi, ilikuwa umbali. Chuo cha umma kiko mikoa kadhaa kutoka Magoma, na binti hajawahi kulala nje ya nyumbani isipokuwa bwenini. Alikuwa akitamani mtoto aende Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichofungua milango yake mwaka 2005, au Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu, ambacho ni cha mwaka 1998, kwa kuwa huko angekuwa na utulivu wa dini yake. Hofu hiyo ni ya haki, na hatukumdharau. Tulimshauri afanye linalowezekana: ajue mabweni ya wasichana yako wapi, aulize kama ipo jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, apate namba ya dada mmoja aliyetangulia. Mambo hayo yanajulikana kwa simu moja au mbili. Kuhusu vyuo hivyo viwili, muda wa kuviomba katika awamu ya kwanza ulikuwa umepita, na kuviomba katika ya pili kungeturudisha kule kule tulikotoka, yaani kuachia kilichopo.

Hatukuwachagulia. Tuliwaambia waende nyumbani, binti aswali yeye mwenyewe rakaa zake mbili, kwa kuwa maisha ni yake, na asubuhi wazungumze watatu. Tukamsisitizia mama kwamba, lolote litakaloamuliwa, mirathi igawanywe sasa, kwa maandishi, mbele ya mashahidi.

Asubuhi ya Ijumaa walikuja kabla ya adhana. Uamuzi ulikuwa ualimu wa sayansi. Kilichofuata kilikuwa mtihani ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeufikiria. Fomu za maombi zilijazwa Dar es Salaam na binamu yake, katika duka lake la kutoa nakala, na namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya binamu. Namba ya siri ilitumwa huko. Binamu alikuwa ameifuta pamoja na jumbe za matangazo ya biashara. Siku ya Ijumaa na ya Jumamosi zilikwisha kwa kuhangaika na kuomba itumwe upya, mtandao ukija na kupotea, mjomba akiwa amepanda kilima kutafuta mawimbi huku ameishika simu juu kama anayeonyesha mwezi mwandamo. Wazazi, tunawaomba: andikeni namba ya mtoto au yenu, muitunze laini hiyo, na nywila muiandike daftarini.

Jumapili baada ya Alasiri, saa chache kabla ya muda kufungwa, namba ilipatikana na binti akaiingiza mwenyewe.

Jina lake halikuwemo katika kundi la kwanza la mikopo. Lilitoka katika la pili, likiwa na sehemu ya ada pamoja na fedha ya kujikimu, na pengo lililobaki mama anaendelea kulifidia kwa mavuno ya ekari yake moja na 1.4 za mwanawe. Shamba limepimwa na kuwekewa mipaka, na zile ekari za wavulana zimeandikwa majina yao. Mjomba ndiye anayezipalilia. Kila tukipita Magoma hutupa habari za mpwawe aliyeko chuoni, na mpaka leo humwita daktari, naye, tumeambiwa, huitika.